Mezani kwa Masista Mkate Hauombwi

Furaha, mdogo wangu uliyerithi aproni yangu, umeniomba nikuandikie jinsi ya kuwasha ile oveni ya monasteri. Maelezo yenyewe ni mafupi: kiberiti kwanza, gesi baadaye, kitasa ukigeuze polepole, na kitambaa cha kichwa ukifunge kwa nyuma. Ukifuata hayo, nyusi zako zitastaafu pamoja nawe. Zangu ziliungua nilipokuwa mgeni jikoni mle, na zilipoota tena ziliota vibaya. Ndiyo maana wenzangu wa kwaya huku Schaerbeek, Ubelgiji, hunidhania nimekasirika hata ninapocheka.

Nilikusudia kuishia hapo, lakini kalamu imekataa kutulia. Nimestaafu tangu vuli, nakaa dirishani natazama tramu zikipita, na mikono yangu bado inaamka mapema kuliko mimi. Basi acha nikuandikie na mengine, wewe na wengine watakaokuja baada yako. Habari za mshahara hutazikuta humu, wala jinsi nilivyotoka kwenye kuosha vyungu nikawa mpishi. Nitakuandikia habari za majira ya baridi, kwa sababu nyumba ile ukitaka kuijua, ijue wakati wa baridi. Kwenye jua kila mtu ni mtakatifu.

Mara ya kwanza nilifika pale mwezi wa kwanza, nimevaa viatu vyangu vya misa, vya wazi, vya Bukavu. Sikuwa na vingine. Wakimbizi hawachagui viatu vya kukimbilia. Nilizunguka mtaa wa Saint-Gilles, nikaupita ule mlango bila kuutambua, maana nyumba imesimama katikati ya nyumba nyingine ndefu za kale ambazo zimekatwakatwa vyumba vya kupangisha, na kwa nje hakuna tofauti yoyote isipokuwa msalaba mdogo juu ya kengele. Nilipobonyeza kengele, akafungua sista mfupi, mzee, ana mashavu mekundu. Akanitazama miguu kabla ya uso.

"Ingia mbio, maman. Baridi itakuingilia mu mifupa."

Niligeuka nyuma kuona ni nani aliyesema. Hapakuwa na mtu. Alikuwa yeye, Sista Godelieve, Mflamandi mtupu, Mbelgiji wa kuzaliwa, ambaye alikaa Kivu miaka mingi katika nyumba yao nyingine mpaka vita ikamrudisha kwao. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni Kadutu, kwetu Bukavu, na herufi R alizikwaruza kooni. Nilitamani kumkumbatia, nikajizuia. Yeye alikwenda kabatini, akarudi na soksi nene za sufu.

"Vaa hizi. Ni za ma sœur mwenye alikufa. Usiogope, alikuwaka na miguu muzuri."

Ndivyo nilivyoanza kazi, ndani ya soksi za marehemu. Nazisifia mpaka leo.

Huyo Godelieve ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kile kinu cha chuma cha kuzungusha kwa mkono wanachokiita passe-vite, ambacho nakuomba, Furaha, usikibadilishe kwa mashine ya umeme hata wakikuletea bure. Alinifundisha supu, kwa sababu masista hula supu mchana na jioni majira yote ya baridi: liki, viazi, karoti, figili, mboga zote zinachemshwa na kusagwa mpaka zisahau majina yao. Alinifundisha chicon, ile mboga nyeupe chungu ambayo Wabelgiji wanaipenda na mimi mpaka leo sijui ilikosea nini ikaumbwa hivyo. Nilizoea kwenda soko la Flagey mwishoni mwa wiki kutafuta liki zenye udongo, maana Godelieve hakuamini liki iliyooshwa na mtu mwingine. Alisema liki safi inaficha kitu.

Kisha alinifundisha kusoma vyombo vinavyorudi. Unajua kile kidirisha kati ya jikoni na chumba cha kulia, ambako tunapitishia chakula. "Mwenye hapendi chakula hatasema," aliniambia. "Sahani ndiyo itasema. Uisome." Nikawa nasoma sahani kila siku. Nilijiona hodari wa kusoma. Subiri, utaona.

Sasa baridi yenyewe. Wewe umefika wakati kuna joto kidogo kwa sababu Mama Mkuu amezeeka na daktari amemtisha. Zamani hizo, joto liliwashwa kanisani wakati wa sala na chumba cha kulia wakati wa kula, tena la chini sana, na kwingineko kila mtu alijipasha kwa kazi yake. Asubuhi na mapema, kukiwa bado giza totoro nje, niliwasikia wakiimba zaburi na mvuke ukiwatoka midomoni. Sauti za bibi vizee hizo, nyembamba, zingine zimepasuka, na bado walianza pamoja na kumaliza pamoja. Mimi nilikuwa nasimama karibu na oveni na kikombe cha kahawa ninasikiliza, nikijisemea kwamba huku ni kuchanganyikiwa. Baada ya muda nikajikuta nafika mapema zaidi ili nisikose.

Nilipenda mambo yao madogo. Baridi ya kwanza ikipiga, Mama Mkuu alifungua sanduku la mashali ya sufu, na hakuna aliyetafuta la mwaka jana. Lililokujia ndilo lako. Jioni kabla sijaondoka tulijaza maji ya moto kwenye chupa za mpira za kulalia, na kila sista alichukua ya mwenzake kumpelekea kitandani, si ya kwake. Theluji ikianguka, walitoka na fagio na chumvi, wakafagia mbele ya mlango wao, kisha mbele ya Mmoroko mwenye duka, kisha mbele ya nyumba ya vijana wanaopiga muziki mpaka alfajiri na ambao hawajawahi kushika fagio. Siku ya Mtakatifu Nikolao niliokota biskuti ya mdalasini ndani ya kiatu changu cha kazini, na sikuambiwa nani kaiweka. Siku ya Mishumaa, mwanzoni mwa mwezi wa pili, walikula chapati nyembamba za sukari na kucheka kama wasichana, kwa sababu siku hiyo kusema mezani kunaruhusiwa. Mimi nimelelewa na shangazi mkali, nimepita vita, si mtu wa kusifia ovyo. Wale wanawake niliwapenda.

Lakini kulikuwa na desturi moja iliyotaka kunitia wazimu, nayo ni ya mezani.

Masista hula kimya. Mmoja anasimama kwenye meza ndogo ya kusomea, anawasomea kitabu kwa sauti, wengine wanasikiliza na kula. Wanakaa kwenye mabenchi marefu yaliyoegemea ukuta, bega kwa bega, nyuso zote zikitazama katikati ya chumba, kila mmoja mahali pake kwa kufuata nani aliingia monasterini kabla ya nani. Mahali hapo hapabadiliki mpaka kifo. Sista wa zamu anakutilia upawa wa kwanza wa supu. Baada ya hapo mkate, siagi, viazi na bakuli la supu vinawekwa kati ya mtu na jirani yake, na sheria inaanzia hapo: hunyooshi mkono kujitwalia, wala huombi kitu kwa ajili yako. Jirani ndiye anayetazama sahani yako. Akiona imeisha, anakusogezea. Na wewe unatazama ya kwake. Ukitosheka, unamgusa mkono kidogo, ndiyo ishara ya kusema inatosha, asante.

Wiki yangu ya kwanza niliona kupitia kidirisha sista mmoja ambaye bilauri yake ni tupu, naye ametulia tu. Nikamwambia Godelieve.

"Jirani yake ataona," akajibu huku anamenya kiazi.

"Na asipoona?"

"Ataona, maman. Hapa kwetu muntu haombake ya kwake. Anaombaka ya mwenzake. Donc kila muntu iko na mama yake pembeni."

Nilichukua kiazi na mimi nikamenya, kwa heshima tu. Kwetu tulikuwa watoto wengi kwenye sinia moja, na asiyenyoosha mkono alilala na njaa, tena akachekwa. Ilinichukua majira mengi ya baridi kuelewa nilichokuwa nakitazama. Nilimwona sista mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi akimmenyea jirani chungwa, polepole, kisomo chote, mpaka likawa tayari. Nilimwona mwingine akikataa kumeza tonge la mwisho mpaka ahakikishe mwenzake amepata siagi. Nikarudi nyumbani Schaerbeek nikawatazama wanangu mezani, nikaona aibu kidogo.

Sasa nikueleze kesi ngumu kuliko zote, ya baridi ile ya mwisho kabla kiuno changu hakijaanza kunikatalia.

Sista Alphonsine na Sista Béatrix unawajua. Waliingia monasterini wiki moja, wasichana wabichi, mmoja binti wa mkulima, mwingine binti wa fundi nguo, na tangu siku hiyo wamekaa bega kwa bega. Béatrix alishona na kutia viraka. Alphonsine alitunza bustani ya nyuma. Walikaa karibu na mwisho wa benchi, na upande wa pili wa Alphonsine, kwenye kona, mahali palikuwa wazi, pa marehemu Sista Léonie. Kwa hiyo Alphonsine alikuwa na jirani mmoja tu.

Na kuhusu huyo Léonie lazima nikuambie, maana bila yeye hutaelewa. Macho yake yaliharibika, akaanguka kwenye zile ngazi zetu zilizosimama wima, akavunjika mguu. Alipona mguu, lakini masista wenye nguvu walikuwa wamebaki wachache na ngazi ni zilezile, basi akapelekwa makao ya wazee. Hakuna aliyefanya ubaya. Alilia siku ya kuondoka, akarudi ndani ya jeneza. Baada ya mazishi hakuna aliyezungumzia jambo hilo, na kimya kingi kina mshindo mkuu.

Vuli iliyofuata nikaanza kuona vyombo vya kona ile vinarudi vibaya. Kikapu cha mkate karibu kimejaa. Viazi vimeguswa kidogo. Bakuli la supu nusu. Nilikasirika. Mpishi ana moyo mdogo, usisahau. Nikasema supu yangu imewashinda. Nikaongeza siagi, nikaongeza kungumanga. Nikapika stoemp, ule ugali wao wa viazi na kabichi. Nikanunua sombe, kile kisamvu chetu, kwenye maduka ya Matonge nikawapikia kwa sikukuu, wakala masista ambao hawajawahi kutoka Ubelgiji wakauliza ni majani ya mti gani. Siku moja nilitia pilipili ya kwetu, kidogo tu, ya kuamsha ulimi, na sista aliyekuwa na zamu ya kuonja kabla ya kusoma akakohoa kitabu kizima. Kikapu cha kona ile kikarudi vilevile. Nilisoma kikapu, sikusoma sahani. Sahani ya Alphonsine kila siku ilirudi nyeupe, imepanguswa mpaka inang'aa.

Naye akakonda. Mwanzoni mikono ya kanzu ilimpwaya, kisha mkanda ukamzunguka ukabaki. Ngazini alitembea polepole, na nyuma yake Béatrix amemshika mkono wa kanzu. Sote tuliona tukasema, mtazame Béatrix anavyomtegemeza mwenzake. Mama Mkuu aliita daktari. Daktari akapima damu, akapima moyo, akapima kila kipimikacho, hakuona ugonjwa. Akasema ni uzee, mwili umeamua kuacha kula, hapa hamna wauguzi, mpelekeni mahali penye wauguzi. Mama Mkuu hakutaka. Nilimwona amekaa peke yake kanisani na koti lake, hasali, ametazama tu mbele. Lakini angefanya nini, amwache mtu afe kwa sababu ya ngazi? Nafasi ikapatikana, gari likaagizwa lije Jumatatu. Alphonsine alipoambiwa alijibu, "Ndiyo, Mama," basi. Sanduku lake dogo likawekwa karibu na mlango. Kila nilipolipita na karai langu, nilitazama pembeni. Bibi yule alikuwa amekaa katika nyumba ile maisha yake yote, na sasa alitolewa kwa sababu, nilidhani, ya supu yangu.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, likafa. Theluji nje, mabomba baridi, fundi akaja akaligonga hapa na pale, akasema kifaa kitapatikana wiki ijayo. Ilipokaribia saa ya chakula cha mchana, Mama Mkuu akabisha hodi jikoni. Mlango wa nyumba yake mwenyewe, na bado alibisha hodi.

"Maman Vumilia," akasema, "unaweza kutukaribisha? Kwako ndiko kwenye moto."

Nilisukuma mifuko ya viazi ukutani, nikapangusa meza ya kazi, nikaleta viti, vigoda, na ngazi fupi ya kufikia kabati la juu. Wakaingia na mashali yao. Hapakuwa na nafasi ya kukaa kwa kufuata nani alitangulia kuingia monasterini. Mtu alikaa alipopata. Béatrix alikaa kushoto kwa Alphonsine kama siku zote, kwa sababu hakumwachia mkono wa kanzu. Lakini kulia kwa Alphonsine, ambako miezi yote ile palikuwa wazi, akakaa Godelieve. Na Mama Mkuu akasema leo hakuna kusoma, sista wa zamu meno yalikuwa yanamgongana. Tule kimya tu.

Nikapakua. Supu ya liki, mkate, jibini. Oveni nimeiacha wazi itoe joto. Alphonsine akamaliza supu yake. Godelieve akaona bakuli tupu, akamtilia. Ikaisha. Akamtilia tena, akamsogezea mkate. Ukaisha. Mimi nimesimama na upawa mkononi, nashangaa. Huyu si mtu aliyeacha kula. Huyu ni mtu mwenye njaa. Nikaushusha upawa, nikataka kusema.

Sikupata nafasi. Jikoni bila kisomo unasikia kila kitu, na Béatrix alikuwa anasikia. Kijiko cha jirani yake kilikuwa kinakwangua chini ya bakuli, kinajazwa, kinakwangua tena. Béatrix akaweka chini kijiko chake. Akageuza kichwa upande wa sauti. Kisha akanyoosha mkono, akaupapasa mkono wa Alphonsine kutoka kwenye kiwiko, akashuka mpaka kwenye kifundo, na pale vidole vyake vikasimama. Alikuwa ameshika mfupa.

Alisimama, akashikilia meza, akapiga magoti sakafuni kwangu. Hiyo ni desturi yao nyingine: aliyekosea hupiga magoti mbele ya wote. Walisema kwa Kifaransa, nakuandikia kwa Kiswahili.

"Mama, dada zangu," akasema, "mimi sioni."

Uso wake ulikuwa umelielekea kabati la vyombo, si sisi.

"Tangu vuli sioni. Sahani yake siioni. Mkate siuoni. Mkono wangu ukianza kutafuta kikapu, kabla haujakipata ananigusa kwamba inatosha. Nikaamini ameshiba."

Mama Mkuu akamgeukia Alphonsine. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alphonsine alikuwa ameinamia bakuli lake. "Léonie aliposema haoni, tulimpeleka," akasema. "Huyu hajaanguka hata mara moja. Sindano namtungia uzi mimi, na ngazini natangulia, yeye ananishika kanzu."

Hapo ndipo niliona upumbavu wangu na wa nyumba nzima. Tulidhani kipofu ndiye anayemtegemeza mgonjwa. Na Furaha, najua utauliza, si angenyoosha mkono tu ajitwalie mkate? Mimi pia nilijiuliza. Lakini angenyoosha mkono, Béatrix angeusikia mkono ukipita mbele yake, angejua ameshindwa kumtunza jirani, na angesema mwenyewe kwamba haoni. Na Béatrix angepapasa mezani, wote wangeona; basi mwenzake akachagua kuugusa mkono wake mapema na kusema inatosha, kila siku, mchana na jioni, mbele ya kikapu kilichojaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi wote mle tulikuwa na shibe.

"Na Jumatatu je?" Mama Mkuu akauliza, sauti imepungua. "Ungekwenda, nani angetangulia ngazini?"

"Nilimwomba Mungu aisahau Jumatatu," Alphonsine akajibu.

Mama Mkuu alisukuma bakuli lake pembeni. Mama yule ni mtu wa maneno machache. "Macho yanatibika," akasema mwishoni. "Njaa inatibika. Hatumpeleki mtu yeyote popote. Béatrix, simama. Alphonsine, nakuuliza kwa utii, na utii unakulazimisha kunijibu. Unahitaji nini?"

Bibi yule alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo tangu ujana wake. Alitazama meza yote, polepole, kama aliyeingia dukani mara ya kwanza.

"Mkate," akasema. "Na siagi, kama ipo."

Mikono yote ikaenda kwenye kikapu kwa pamoja, na wangu ukiwamo. Mama Mkuu akainua kidole, tukasimama. Béatrix alikuwa ameshakaa tena, na mkono wake ulikuwa unatafuta mezani. Ukagusa chumvi, ukaangusha kijiko, ukapapasa kwenye makombo. Tulingoja. Mama Mkuu akashika ukingo wa kikapu, akakivuta taratibu bila sauti mpaka kikafika chini ya vidole vile. Béatrix akapima vipande kimoja kimoja, akachagua kinene, akampa mwenzake.

Nilitazama dari. Godelieve alikuwa anafuta macho kwa shali.

"Vitunguu yako iko kali, maman," akaniambia.

Siku hiyo sikuwa nimetia kitunguu.

Béatrix alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kabla ya Pasaka alikuwa ameshatibiwa. Siku hizi anaona mpaka vumbi lililo juu ya makabati yetu, na asipokwambia leo atakwambia kesho. Siku ya Mishumaa Mama Mkuu aliwatangazia kwamba sheria ya mezani inabaki ilivyo, ila sasa kila sista ana jirani wawili, hata ikibidi benchi lisogezwe, na mahali pa Léonie pakakaliwa na Mama Mkuu mwenyewe. Sijawahi kuona mkuu mwingine akiondoka kwenye meza yake ya juu kwenda kukaa kwenye kona kutazama sahani ya mtu.

Lakini Jumatatu ile, katika mkanganyiko wa boila na machozi, hakuna aliyekumbuka kupiga simu. Asubuhi, masista wakiwa wanakula kifungua kinywa kwangu jikoni, kengele ikalia. Nikafuta mikono, nikaenda kufungua. Theluji imejaa njiani, gari limewashwa taa za kuwaka na kuzima, na mlangoni amesimama dereva, papa mmoja, baba mtu mzima wa Goma, nilimtambua kwa salamu.

"Bonjour, maman. Nilikuja kubeba ma sœur moja, wa kupeleka mu maison de repos ya wazee."

"Haendi tena, papa."

Akavua kofia yake, theluji ikamdondokea mabegani. "Pole sana, maman. Alikufa?"

"Hapana, papa," nikamwambia. "Iko anakula."